Tumbo la Nyani na Shamba la Mkulima wa Mwea

Watu wa Mwea, wale wa upande wa mpunga katika Kirinyaga na wale wa upande wa Embu kuelekea mto Tana, hawahitaji kuelezwa nyani ni mnyama wa namna gani. Wamemwona akishuka kutoka mawe na vichaka na jamaa yake nyuma yake, akivunja mahindi kwa mikono kama mtu, akachukua maembe mabichi na mabivu pamoja, kisha akakaa mbali akitazama kana kwamba yeye ndiye mwenye shamba. Kwa hiyo nyani husemwa kwa ubaya tu, na ni wachache waliopata kuuliza jinsi alivyoumbwa ndani: chakula kile kinapita wapi, kinasagwa kwa nini, na kwa sababu gani mnyama huyu anaweza kula takriban kila kitu.

Labda msomaji atasema, "Mimi ni mkulima; nina haja gani na matumbo ya nyani?" Haja ipo, tena ni kubwa. Mtu amjuaye adui yake kwa nje tu humfukuza leo, akarudi kesho. Amjuaye kwa ndani huelewa kwa nini anakuja, na hujua saa na mahali pa kumzuia. Tena liko jambo la pili, ambalo nitalieleza baadaye: tumbo la nyani na tumbo la mwanadamu yamefanana sana hata ugonjwa mmoja mashuhuri wa Mwea unaweza kukaa katika yote mawili.

MENO NA KINYWA

Nyani aliyekomaa ana meno 32, hesabu ile ile ya meno ya mtu mzima. Mbele ana meno manane ya kukatia. Kando yake chonge nne. Kisha magego madogo manane na magego makubwa kumi na mawili. Kwa hesabu tumelingana, lakini kwa umbo tumepishana. Chonge za nyani dume ni ndefu na kali kama za chui, na gego dogo la kwanza la taya ya chini limeumbwa kama jiwe la kunolea: kila afumbapo kinywa, chonge ya juu husuguliwa hapo ikabaki na makali yake. Silaha hizo hasa ni za kupigana na madume wenzake na kumtisha chui, wala si za kutafunia.

Kazi ya kutafuna ni ya magego ya nyuma. Kila gego lina matuta mawili yaliyovuka upande hadi upande, na matuta ya juu huingia katika mabonde ya chini, mfano wa mashine ya kusagia. Kwa meno hayo nyani husaga mbegu ngumu za migunga, mizizi yenye mchanga, majani, wadudu wenye magamba, na hata mifupa myororo ya mtoto wa swala. Hakuna haja ya kushangaa basi kwamba punje ya hindi bichi haimpi taabu hata kidogo.

MIFUKO YA MASHAVU

Ndani ya kinywa kuna kitu ambacho mwanadamu hana. Kila upande wa shavu nyani ana mfuko wa ngozi laini, wenye mlango karibu na meno ya chini, nao hushuka hadi shingoni. Mifuko hiyo ikiwa mitupu huwezi kuiona. Ikijaa, uso wa mnyama huvimba kama mtu aumwaye jino pande zote mbili.

Matumizi yake ni haya. Nyani hula mahali penye hatari au penye ushindani. Mkubwa wake akija, atamnyang'anya. Mwenye shamba akija, atapigwa mawe. Kwa hiyo hakai kutafuna. Hujaza mifuko upesi, akakimbilia juu ya jiwe au mti, na huko hukisukuma chakula kwa mgongo wa mkono kutoka nje ya shavu, kikarudi kinywani kidogo kidogo, akatafuna kwa raha. Wala mifuko hiyo si ghala tu. Mate ya nyani yana nguvu ya kuvunja wanga na kuugeuza sukari, na kwa kuwa chakula hukaa mashavuni kimelowa mate, kazi ya tumbo huwa imekwisha kuanza kabla hajameza.

Hapa mkulima apate somo la kwanza. Anayengoja mpaka kundi limeingia katika mahindi ndipo apige debe, amechelewa. Kwa dakika chache tu kila mnyama amekwisha jaza mashavu na kushika mahindi mengine mkononi, na mbio zake ni mbio za mshindi. Nyani ni lazima azuiwe mpakani mwa shamba, kabla hajaonja. Akirudi mara nyingi na mashavu matupu ataona kwamba safari hiyo haina faida. Akirudi mara moja na mashavu yaliyojaa, kesho atakuja mapema zaidi.

TUMBO MOJA, SI MANNE

Kutoka kooni chakula hushuka kwa njia ya umio mpaka tumboni. Watu wafugao wamezoea kuona ng'ombe au mbuzi akichinjwa, nao wanajua kwamba tumbo la ng'ombe limegawanyika sehemu nne. Ile kubwa ya kwanza ni kama pipa la kuchachushia: humo majani hukaa muda mrefu, na vijidudu visivyoonekana kwa macho huyavunja, kisha ng'ombe hucheua na kutafuna tena.

Katika msitu wa Mlima Kenya yupo mnyama wa jamii ya nyani aliyeumbwa karibu na namna hiyo, naye ni mbega, yule mweusi mwenye manyoya marefu meupe. Tumbo la mbega ni kubwa, lina vyumba kadhaa, na vijidudu vyake huchachusha majani humo. Ndiyo maana mbega huweza kuishi mitini kwa majani, akakaa kimya sehemu kubwa ya mchana akingoja tumbo lifanye kazi. Mbega hana mifuko ya mashavu. Haihitaji, kwa maana majani hayakimbiliwi.

Nyani sivyo. Tumbo lake ni mfuko mmoja tu, umepinda, kama tumbo la mwanadamu. Ndani yake hutoka asidi kali iuayo vijidudu vingi na kulainisha nyama na vyakula vingine vya kujenga mwili. Chakula hakikai humo muda mrefu kama katika tumbo la ng'ombe. Tumbo la namna hii lina faida na hasara. Faida ni kwamba mwenye tumbo hilo aweza kula leo matunda, kesho panzi, kesho kutwa mayai ya ndege, asiharibikiwe. Wala chakula kizuri hakiliwi kwanza na vijidudu kabla yake mwenyewe. Hasara ni kwamba majani makavu na magumu hayawezi kumtosha. Nyani hawezi kuishi kama ng'ombe, hata akiwekwa katikati ya malisho mapana, ila akichagua sehemu bora za kila mmea.

UTUMBO MWEMBAMBA NA UTUMBO MPANA

Chakula kikitoka tumboni huingia katika utumbo mwembamba. Hapo hukutana na nyongo itokayo katika ini na maji ya kongosho. Nyongo huyeyusha mafuta. Maji ya kongosho humaliza wanga, mafuta na vyakula vya kujenga mwili. Kuta za utumbo huo zina vinyweleo vidogo mno, na kwa njia ya hivyo damu hufyonza chakula kilichokwisha kuwa maji na kukipeleka kwanza kwenye ini. Msomaji aliyefundishwa elimu ya mwili shuleni ataona kwamba hakuna neno hapa asilolijua: ni mpango ule ule wa mwili wake yeye.

Utumbo mwembamba unapokutana na utumbo mpana, pana mfuko mnene ulioziba upande mmoja. Mwanadamu naye anao, lakini wake ni mdogo, na mwishoni mwake huning'inia kile kidole tumbo ambacho madaktari hukikata kikivimba. Nyani ana mfuko huo lakini kidole tumbo hana. Baada ya hapo unafuata utumbo mpana wenye mikunjo na vifuko vifuko katika urefu wake. Humo, na katika mfuko ule ulioziba, ndimo vijidudu vya nyani vinapoishi. Mabaki yote yaliyoshindikana juu, yaani nyuzinyuzi za nyasi, maganda ya mbegu, gundi ya migunga, huchachushwa hapa, na vijidudu hutoa asidi nyororo ambazo damu hufyonza zikawa nguvu mwilini. Maji nayo hufyonzwa hapa, jambo lenye maana kwa mnyama wa nchi kavu kama Mwea ya chini.

Kwa ufupi, ng'ombe na mbega huchachusha chakula mbele, yaani kabla ya kukimeng'enya. Nyani huchachusha nyuma, baada ya kwisha kuchukua kilicho bora. Yeye ni kama mtu anayekula nyama kwanza, kisha akachemsha mifupa kwa mchuzi.

Kwa mwanadamu, utumbo mwembamba huchukua zaidi ya nusu ya nafasi yote ya matumbo, na utumbo mpana ni mdogo. Kwa sokwe ni kinyume: utumbo mpana ndio mkubwa. Wataalamu hueleza kwamba sababu ni chakula chetu kilicho chepesi zaidi, na kwamba jiko, mawe ya kusagia na kinu vimekuwa kwetu kama tumbo la pili nje ya mwili. Nyani hana jiko. Kusaga kwake ni kwa meno na kupika kwake ni kwa vijidudu.

KWA NINI AJA SHAMBANI

Sasa tumefika kwenye jibu. Katika majira ya kiangazi, kundi la nyani huamka na kwenda mbali likichimba vitunguu vya nyasi na ndago, likiokota mbegu za migunga moja moja, likipindua mawe kutafuta wadudu. Kila tonge ni dogo, lina nyuzinyuzi nyingi au mchanga, nalo hutafutwa kwa kazi ndefu. Kisha kundi hilo likaona shamba la mahindi. Hapo wanga umerundikwa mahali pamoja, ni mlaini, una nyuzinyuzi chache, na tumbo moja lile hulipokea bila taabu. Mnyama apatapo kwa nusu saa kile ambacho porini kingemgharimu sehemu kubwa ya siku, atarudi. Si uchawi wala chuki. Ni hesabu ya tumbo.

Jambo hili limechunguzwa hapa hapa Kenya. Huko Amboseli, ambako Jeanne na Stuart Altmann walianza kuwachunguza nyani katika miaka ya 1960, lilikuwapo kundi lililojifunza kula mabaki ya jaa la hoteli ya watalii. Kundi hilo lilitumia sehemu ndogo tu ya mchana kutafuta chakula, likapumzika sana, na nyani wake wakanenepa kupita wenzao wa porini. Tena majike yao yalikomaa mapema zaidi. Stuart Altmann mwenyewe alipima chakula cha watoto wa nyani katika miaka ya 1970, na katika kitabu chake cha mwaka 1998 alionyesha kwamba mtoto aliyekula vema katika mwaka wake wa kwanza ndiye aliyefanikiwa zaidi kuzaa baadaye. Maana yake kwa mkulima ni hii: shamba lisilolindwa halipotezi mahindi tu, bali huongeza nyani.

Karibu na Gilgil, katika shamba kubwa la Kekopey, mama mmoja mtaalamu aitwaye Shirley Strum alianza kuwachunguza nyani mwaka 1972. Shamba hilo lilipogawanywa na wakulima wadogo wakaja kulima, nyani waligundua mahindi. Ugomvi ukawa mkubwa hata mwaka 1984 makundi matatu yalikamatwa na kuhamishiwa Laikipia, katika nchi kavu iliyo kaskazini magharibi ya Mlima Kenya. Wageni hao waliishi. Walijifunza mimea ya huko kwa kuwatazama nyani wenyeji, na tumbo lao lisilo na ubaguzi likawasaidia. Lakini kazi ya kuhamisha ni ya gharama na shida nyingi, wala haiwezekani kuhamisha kila kundi la Kenya.

JAMBO LA KICHOCHO

Nilisema kwamba liko jambo la pili. Mifereji ya mpunga ya Mwea, itokayo katika mito ya Thiba na Nyamindi, ilianza kuchimbwa katikati ya miaka ya 1950, na kazi kubwa ilifanywa na watu waliokuwa wamezuiliwa wakati wa Hali ya Hatari. Maji yalileta mpunga, na mpunga ukaleta sifa ya pishori. Walakini maji yale yale yalimpa makao konokono mdogo abebaye kichocho cha matumbo.

Minyoo ya kichocho hicho huishi katika mishipa ya damu inayozunguka matumbo, ile ile ichukuayo chakula kwenda kwenye ini. Jike hutaga mayai. Mengine hutoboa ukuta wa utumbo yakatoka na choo, mengine hukwama katika ini na kulidhuru polepole, hata baada ya miaka tumbo likavimba na mgonjwa akaweza kutapika damu. Mayai yakifika majini, hutoka kijidudu kiingiacho katika konokono. Baada ya majuma kadhaa konokono hutoa vijidudu vingine vingi, navyo hupenya ngozi ya mtu akanyagaye maji.

Na nyani je? Kwa kuwa matumbo na mishipa yake yamefanana na yetu, minyoo hiyo hukaa ndani yake pia na kutaga mayai yaliyo hai. Mwaka 1969 mtaalamu Alan Fenwick, aliyefanya kazi Tanzania, aliandika habari za nyani kuwa hifadhi ya kichocho hiki. Kwa sababu hiyo hiyo wataalamu wa Kenya, katika taasisi ya uchunguzi wa nyani iliyoko Nairobi, waliwatumia nyani kuchunguza ugonjwa huu na kutafuta chanjo.

Hapo watu wengine watafurahi na kusema, "Kumbe basi ni nyani anayetuletea kichocho!" Polepole, ndugu zangu. Nyani haoni kundule, na mwanadamu naye mara nyingi haoni lake. Nyani akaaye katika mawe ya Mwea ya chini hashindi katika majaruba. Ashindaye humo ni mtu. Mtu ndiye asimamaye majini kuanzia kupanda mpaka kupalilia, na asiye na choo karibu na shamba ndiye ajisaidiaye kando ya mfereji. Taasisi ya KEMRI imechunguza kichocho katika Mwea, hata kwa watoto wadogo wasioanza shule, na kuwakuta nao wameambukizwa. Watoto hao hawakuupata kwa kukutana na nyani. Waliupata kwa kuoga na kuchezea maji ambamo mayai yalitiwa na watu.

YATUPASAYO KUFANYA

Kwa upande wa shamba, yafaa majirani walinde kwa zamu, kwa maana mlinzi mmoja hawezi kuzunguka pande nne. Kifyekwe kichaka kilicho mpakani, ili nyani asipate mahali pa kujificha akingoja nafasi. Mahindi yakikauka yavunwe upesi. Mazao ambayo nyani hayapendi sana, kama pilipili, yawekwe upande wa mawe na pori, na mahindi yawe karibu na nyumba. Mabaki ya chakula na maganda yafukiwe, na msafiri asimrushie nyani mkate barabarani; mkono umlishao leo ndio umfundishao kuja nyumbani kesho. Sheria ya wanyama ya mwaka 2013 yamlinda nyani kama wanyama wengine, na kumwua bila idhini ni kosa; kundi likizidi, habari ipelekwe kwa maofisa wa wanyama wa pori. Tena ukimkuta nyani amekufa, usimpasue ili kuyaona haya niliyoyaeleza. Magonjwa yake mengi yaweza kuwa yako.

Kwa upande wa afya, kila shamba la mpunga liwe na choo ambacho wafanyakazi watakifikia bila safari. Maji ya kuoga yakiwekwa katika chombo safi kwa siku mbili, bila konokono ndani, vijidudu vya kichocho hufa. Dawa ya prazikwanteli ipo na huua minyoo iliyo mwilini. Lakini haizuii minyoo mipya, na anayemeza dawa leo akarudi kesho katika mfereji uliochafuliwa amejaza maji katika pakacha.

Nyani ana tumbo moja, mashavu mawili ya akiba, na utumbo usiotupa kitu. Kwa vyombo hivyo ameishi katika nchi hii tangu kabla ya shamba la kwanza kulimwa. Hana mfereji, hana choo, wala hana shule. Sisi tunavyo vyote vitatu, au tunaweza kuvipata, na kwa hivyo sisi ndio tutakaoulizwa habari za mahindi yetu na afya ya watoto wetu.